Naomba ushauri: taa inang'aa kwenye miwani
Ndugu wapiga picha, habari za kazi. Ninarekodi mahojiano ya wazee kwa taa mbili za LED: taa kuu iko nyuzi 45 kushoto mwa kamera, juu kidogo ya usawa wa macho, na ya pili iko nyuma ili mabega yasimezwe na ukuta. Tatizo ni miwani. Jana macho ya bibi mmoja yalizibwa na miraba miwili myeupe, ilhali macho hayo ndiyo yaliyobeba simulizi yake. Nilipopandisha taa karibu na dari mng'ao ulitoweka, lakini macho yakaingia kivulini. Je, niisogeze taa pembeni zaidi, au niiache juu na kuweka ubao mweupe chini ya kidevu ili urudishe mwanga machoni? Na ubao ukae umbali gani?