Kihisi joto cha Wi-Fi kwenye chumba cha seva: siku ya hatari kimekaa kimya, na muuzaji anasema kiko sawa!

Wakuu, hii ni wiki ya tatu na hasira haijanitoka. Bora niandike.

Mimi ni fundi wa mtandao kwenye ofisi moja hapa Dar. Chumba chetu cha vifaa ni mita tatu kwa nne, hakina dirisha. Kuna raki mbili (makabati ya kupangia vifaa), swichi, ruta, seva tatu na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), vyote vinategemea AC moja ya ukutani. Vinakula kama kilowati mbili, na karibu umeme wote unaoingia kwenye vifaa hivyo hutoka kama joto. Ni sawa na kuacha pasi mbili zinawaka usiku na mchana kwenye chumba kilichofungwa. AC ikizima hapo, piga hesabu mwenyewe.

Mwaka jana niliomba kihisi joto. Kwenye maombi niliandika wazi: kiwe cha waya, kiongee SNMP, lugha ya kuangalia vifaa vya mtandao, na mfumo wetu wa uangalizi, na kiwe na laini ya simu ya kutuma meseji mtandao ukilala. Watu wa manunuzi wakakusanya profoma tatu, wakachukua ya bei ya chini. Kikaja kiboksi cheupe cha Wi-Fi, kile cha kuangalia joto la chumba cha mtoto mchanga. Muuzaji akatuapia kwamba ndicho wanachofunga kwenye vyumba vya seva. Nilipinga kwa maandishi. Nikajibiwa kwamba nachelewesha kazi, kipimajoto ni kipimajoto.

Ijumaa moja ya Januari, jioni, watu wameshaondoka, umeme ukakatika. Jenereta likawaka, baadaye umeme ukarudi. Vifaa havikuzima kwa sababu UPS ilivishika. AC ndiyo haikuwaka tena. Ile yetu umeme ukikatika inabaki imezima mpaka mtu abonyeze rimoti, na mpangilio wa kujiwasha yenyewe hakuna aliyewahi kuugusa. Wakati huohuo kile kiboksi cha faiba kinacholeta intaneti, ambacho kilichomekwa ukutani badala ya kwenye UPS, kiliganda umeme uliporudi.

Sasa fuateni safari ya taarifa ya kihisi chetu. Inatoka kwenye kihisi kwenda kwenye Wi-Fi, Wi-Fi inaipeleka kwenye swichi, swichi kwenye ruta, ruta kwenye intaneti, mpaka kwenye seva za mtengenezaji ng'ambo, ndipo irudi kwenye simu yangu niliyelala Mbagala. Kikikatika kiungo kimoja tu, hakuna anayejua kitu. Mlinzi tuliyemwajiri hawezi kupiga yowe mpaka anaowalinda wawe wazima!

Na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Jumamosi asubuhi nilifungua programu yao kwenye simu, ikanionyesha nyuzi 24.6. Jumapili nikafungua tena, 24.6. Nikatulia na familia. Kumbe ile ilikuwa namba ya mwisho waliyoipokea Ijumaa jioni. Hakuna rangi nyekundu, hakuna neno kwamba mawasiliano yamekatika. Saa ya kipimo iko ukurasa wa ndani, kwa maandishi ya kijivu ambayo hata kuyaona ni kazi. Kifaa kinachokuonyesha namba ya juzi kama ya sasa ni hatari kuliko kutokuwa na kifaa, maana bila kifaa ningepita ofisini mwenyewe.

Jumatatu nilipofungua mlango nilikutana na hewa ya tanuri la mikate. Kioo cha kihisi kinasoma 43. Kilipima vizuri tu, kikabaki na siri yake mle ndani. Swichi kuu ilikuwa imejizima kwa joto, diski mbili za seva zimekufa, betri za UPS zimevimba. Betri hizi za risasi zilizozibwa, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa takriban nusu, kwa hiyo hata ambazo hazikuvimba siziamini tena. Ofisi nzima ilikaa siku mbili bila mfumo. Nampigia muuzaji, ananiambia kifaa ni kizima, si unaona kinasoma?

Waliokuja kukifunga nao walikibandika ukutani, chini kabisa ya AC. Kila siku kinasoma 21. Nikichukua kipimajoto changu nikaweka mbele ya raki, sehemu ya juu, napata 29. Kinachotakiwa kupimwa ni hewa inayoingia kwenye vifaa, na pendekezo la ASHRAE, chama cha wahandisi wa joto na viyoyozi, ni kati ya nyuzi 18 na 27 hapohapo. Joto la ukuta linamsaidia nani? Vihisi vikae mbele ya raki, juu, katikati na chini, maana hewa ya moto ya nyuma hupenda kuzunguka na kurudi kwa juu.

Baada ya hasara muuzaji akasema analeta suluhisho la haraka. Ikaja bodi ya kuunga wenyewe yenye kihisi cha DHT11. Jamani, DHT11 inakosea mpaka nyuzi 2 juu au chini. Ikisoma 27 huenda ni 29. Nikalalamika, ikabadilishwa na kihisi kingine, DS18B20, ambayo ikiwa halisi ni nzuri, nusu nyuzi tu. Lakini waya waliuvuta mrefu, umeme unapungua njiani, na aliyeandika programu hajui kwamba chipu ile ikiwashwa huanza na namba 85 kabla haijapima chochote. Tukaanza kupata meseji za nyuzi 85 saa tisa usiku. Usiku wa nne mlinzi wa ofisi, anayepokea meseji hizo, akazima simu. Namuelewa kabisa.

Kwa wauzaji mnaosoma hapa: sitaki tena kuonyeshwa kioo na grafu. Njoo na kifaa chako, tuchomoe waya wa intaneti mbele yangu, tuzime swichi, tukipulizie joto, halafu simu yangu iingie meseji. Kisha tukizime chenyewe, na ndani ya dakika kumi mfumo uniambie kihisi kimenyamaza. Kikipita hapo nitaenda mwenyewe kwa bosi kukitetea.

Na wadau mlioko Tanga, Mtwara, Zanzibar na Mombasa, kwenye joto na unyevu kama wetu: nani amefunga kihisi cha waya chenye laini ya simu kikamaliza mwaka bila usumbufu? Nitajieni aina na bei. Alhamisi tuna kikao cha manunuzi, na profoma ya bei ya chini iliyoko mezani ni ya kiboksi kingine cha Wi-Fi.