Kwa nini chapa za Blanche Lazzell za ubao mmoja hazifanani rangi?

Mpenda Chapa:
Ndugu wanajukwaa, nimekuwa nikisoma habari za Blanche Lazzell, msanii wa Marekani aliyezaliwa West Virginia mwaka 1878 na aliyetengeneza chapa za ubao, yaani picha zinazochapwa kwenye karatasi kwa ubao uliochongwa, na kuna jambo linanitatiza. Nimeona picha za chapa zake mbili za mandhari ileile. Mistari inalingana kabisa, lakini rangi ni mbalimbali. Je, mojawapo imeigwa na mtu mwingine? Na kama zote ni zake, ipi ndiyo yenyewe?

Fundi Ubao:
Zote ni zake, na kila moja ndiyo yenyewe. Katika uchapaji wa rangi wa Kijapani, kwa kawaida kila rangi huchongewa ubao wake. Wasanii wa Provincetown, mji wa pwani ya Massachusetts, walianza mwaka 1915 kutumia ubao mmoja tu, na anayetajwa kuwa mwanzilishi ni B.J.O. Nordfeldt. Lazzell alijifunza njia hiyo kwa msanii Oliver Chaffee mwaka 1916.

Unachonga mfereji mwembamba kuzunguka kila umbo, unabana karatasi kwenye ukingo wa ubao ili isihame, kisha unapaka rangi ya maji kwenye umbo moja, unalaza karatasi, unaisugua mgongoni kwa kijiko, unaifunua na kuhamia umbo jingine. Mfereji haupati rangi, kwa hiyo hapo karatasi hubaki na mstari mweupe. Nimejaribu mwenyewe, na nakiri kwamba ni kazi ya subira: ukichelewa, rangi hukauka kabla karatasi haijaigusa, ukizidisha maji, hutiririkia mferejini na mstari ukapotea. Kwa kuwa kila karatasi hupakiwa rangi upya, umbo baada ya umbo, Lazzell alikuwa huru kubadili rangi kila alipochapa.

Msomaji wa Historia:
Naomba niongezee, maana ufundi huo usitufanye tumwone Lazzell kama mtu aliyebahatika kukuta njia nzuri pwani. Alikuwa amehitimu Chuo Kikuu cha West Virginia mwaka 1905, akasoma New York, akaenda Paris mwaka 1912. Mwaka 1923 alirudi Paris, akajifunza kwa Fernand Léger, André Lhote na Albert Gleizes, wachoraji waliokuwa wakivunja umbo la kitu kuwa vipande bapa. Hebu fikiria mtu mwenye mafunzo hayo akirudi kwenye ubao ambao tayari umegawanywa vipande kwa mifereji! Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi yake ilipokomaa, na si ajabu kwamba anahesabiwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kuchapa kazi za dhahania kabisa, yaani zisizoonyesha kitu halisi. Katika miaka ya 1930, akiwa na zaidi ya miaka 50 na yeye mwenyewe akiwa mwalimu, alikaa tena darasani kwa mchoraji Hans Hofmann.

Mpenda Chapa:
Nawashukuru sana. Kumbe ule mstari mweupe niliodhani umechorwa ni karatasi yenyewe. Nimezirudia zile picha mbili, na sasa naona kuwa katika moja mstari umefifia sehemu fulani, kana kwamba rangi ilivuka.

Fundi Ubao:
Umeona vyema. Hapo maji yalizidi.