Barabara zetu zisimamiwe na nani: wizara, wakala, au tuzilinde tu fedha za utunzaji?

Mwenyeji wa Gombani
Assalaam alaykum. Nauliza, na naomba watu waje na hoja. Hapa Zanzibar barabara inajengwa, utepe unakatwa, masika mawili yakipita mashimo yamesharudi. Wenzetu wamejaribu mengi. Bara, tangu 2000 barabara kuu na za mikoa ziko chini ya wakala wa TANROADS, na tangu 2017 za wilaya ziko chini ya wakala wa TARURA. Kenya kwa sheria ya 2007 waligawa kwa mamlaka tatu: KeNHA barabara kuu, KURA mijini, KeRRA vijijini. Ujerumani majimbo ndiyo yaliyokuwa yakitunza autobahn, barabara zao za kasi, ilipofika Januari 2021 serikali kuu ikazichukua kwa kampuni yake moja. Uganda walianzisha mamlaka ya barabara, UNRA, ikaanza kazi 2008, mwisho wa 2024 wakairudisha wizarani.

Mie naona jina la chombo halitibu kitu. Fedha za ujenzi zina mfadhili anayezikodolea macho. Za utunzaji zina nani? Tozo ya mafuta tunalipa kila tukijaza tangi. Nataka kabla bajeti haijapita Barazani kila mtu aone barabara gani imetengewa kiasi gani cha utunzaji, kwa kilomita.

Kijana wa Malindi
Mbona rahisi. Waleteni TANROADS waje Unguja na Pemba, wana uzoefu wa kilomita zaidi ya elfu thelathini. Visiwa hivi kwao kazi ndogo tu.

Maalim Jadi
Kijana, barabara si jambo la Muungano. Haimo kwenye orodha na haijawahi kuwamo. Watu wamepigania kila mstari wa orodha ile, leo wewe unataka kutoa barabara bure kwa sababu ya mashimo mawili? Hili silinyamazii.

Kijana wa Malindi
Maalim, mie nimesema uzoefu, sikusema Muungano.

Maalim Jadi
Uzoefu unaajiriwa, mwanangu. Mhandisi anaajiriwa kutoka popote duniani. Mamlaka haiajiriwi.

Dereva wa 116
Mie kila siku Nungwi, na Pemba nimeendesha pia, kwa hiyo nasema nilichokiona. Ndugu zetu wa Pemba wanalalamikia njia, na msimu ukifika lami yote wameigeuza pahala pa kuanikia karafuu. Majamvi yamekula nusu ya barabara, gari mbili hazipishani. Mitaro imejaa makonyo, vile vijiti vya karafuu. Mvua ikija maji yatapita wapi? Halafu mwasema barabara hazitunzwi.

Binti Mzambarauni
Ahsante kwa kututukana. Bibi yangu ameanika kando ya njia miaka yote na kwa karafuu hizo amesomesha watoto. Nchi hii imekula karafuu kabla haijajua mtalii ni nani. Hizo njia za Nungwi unazojidai nazo, zilianza kujengwa kwa fedha za nani? Konyo halijawahi kutoboa lami.

Dereva wa 116
Sikumtaja bibi yako, dada. Nimetaja mtaro.

Binti Mzambarauni
Umesema “ndugu zetu wa Pemba”. Wapemba wote tumo humo. Na gari zinazopita kwa kasi juu ya majamvi ya watu, mbona hukuzitaja? Mie nimeshuhudia gari ya abiria imepita katikati ya karafuu za mjane na dereva hakugeuka hata kutazama.

Abuu Wingwi
Dada nakuunga mkono kwa heshima ya wazee, lakini karafuu ya kwenye lami si nzuri. Inashika vumbi, inashika harufu ya mafuta ya gari, na sokoni inashuka daraja. Serikali imekataza mara ngapi? Tatizo mvua ya ghafla: ukianika barabarani inakauka haraka, na ni rahisi kuanua.

Fundi Kalavati
Naomba nizungumze kazi yangu. Jua haliui lami namna maji yanavyoiua. Maji yakikaa chini ya lami udongo unalegea, gari nzito ikipita panabonyea, panapasuka, shimo limezaliwa. Kwa hiyo Dereva kuhusu mitaro yuko sawa kabisa, na ingekuwa majani au taka za plastiki ingekuwa vile vile. Lakini gari za mchanga na kokoto zinabeba kupita kiasi na hakuna anayezisimamisha. Bara ukitoka Dar utapita mizani ya Vigwaza, na sheria ya Afrika Mashariki imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari kubwa kabisa. Sisi gari zetu ndogo, lakini njia zetu nazo nyembamba. Tozo tunaijadili, uzito hatuutaji.

Kijana wa Malindi
Tozo ndiyo hoja. Kenya 2024 walipandisha kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, na sehemu ya tozo hiyo ikaenda kulipa madeni ya makandarasi. Ndiyo mnataka hivyo? Uganda nao UNRA iliuliwa na ufisadi.

Maalim Jadi
Usichanganye. Tume ya Jaji Bamugemereire iliichunguza UNRA 2015 na 2016, na baada ya hapo UNRA ikaishi miaka minane zaidi. Kilichoivunja ni mpango wa kuunganisha mawakala ili kupunguza matumizi. Mtu akitoa mfano wa nchi ya watu autoe mzima.

Kijana wa Malindi
Na Afrika Kusini je? Gauteng waliweka malipo ya kielektroniki barabarani Desemba 2013, watu wengi wakagoma kulipa, Aprili 2024 wakazima. Wananchi wakikataa hakuna wakala atakayeokoa.

Mwenyeji wa Gombani
Hapo umenisaidia. Marekani tozo yao ya serikali kuu kwa petroli ni senti 18.4 kwa galoni tangu 1993, haijapanda, na mfuko wao wa barabara kuu imebidi ujazwe fedha nyengine. Bara 2021 waliongeza shilingi 100 kwa lita, wakasema wazi ni za barabara za TARURA. Mtu akiona fedha yake inakwenda wapi anaivumilia. Turudi kwenye swali.

Binti Mzambarauni
Mie sijamaliza na Dereva.

Abuu Wingwi
Nina pendekezo litakalomaliza ugomvi huu. Mfuko wa Barabara ujenge sakafu za saruji za kuanikia kila shehia yenye karafuu, kando ya njia. Lami itabaki kwa gari, karafuu itabaki safi.

Binti Mzambarauni
Hilo nalikubali. Tena karibu na nyumba, siyo tubebe magunia hadi mbali kwa miguu.

Dereva wa 116
Na mie nakubali.

Mwenyeji wa Gombani
Mie nakataa. Sakafu zijengwe, tena haraka, lakini kwa fedha za karafuu. Leo tutachukua za barabara kwa sakafu, jambo jema. Kesho zitachukuliwa kwa kituo cha gari, jambo jema pia. Keshokutwa kwa soko. Mwakani mtaro wa Ole hauna hata wa kuufukua, na fedha zote zimekwenda kwenye mambo mema.

Binti Mzambarauni
Kwa hiyo barabara ina mfuko wake na bibi yangu hana?

Mwenyeji wa Gombani
Bibi anayo haki kwenye fedha za karafuu, na hapo mie nitasimama naye mbele ya yeyote. Naomba tu asipewe haki yake kwa kukata za mtaro, kwa sababu mtaro huo huo ndiyo unaozuia maji yasiingie kwake.

Fundi Kalavati
Na kabla hamjajenga hizo sakafu, semeni maji yake yatamwagwa upande gani. Nimeshaona ua wa saruji unamwaga kila tone barabarani.

Abuu Wingwi
Kwa hiyo tukae na fundi kwanza, au na sheha kwanza?