Gari jipya linakunywa mafuta, naomba ushauri

Wadau, habari zenu. Nina SUV ndogo mpya ya petroli, injini ya 1500, miezi miwili sasa. Muuzaji aliniambia lita moja ni kilomita 17. Nimepima mara tatu, najaza tangi pomoni kisha nagawanya kilomita kwa lita: napata 9, siku za mvua 8. Sawa, foleni ya Rongai hadi Upper Hill jijini Nairobi naijua, injini inanguruma tu na gari haliendi. Lakini juzi nimeenda Nakuru alfajiri, barabara nyeupe, nikaambulia 12! Presha ya magurudumu iko sawa, na kiyoyozi siwashi (mke wangu amenuna). Je, injini mpya huchukua muda kuzoea, au nirudi kwa muuzaji? Wenye magari kama haya mnapata ngapi?