Je, mpera uhesabiwe katika bioanuwai ya msitu wa Kakamega?

Mwana wa Shinyalu

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mmoja wa vijana wa kikundi kinachosaidia kutunza ukingo wa msitu wa Kakamega, na kwa miezi kadhaa sasa tumekuwa tukihesabu miti katika vipande vya mita 20 kwa 20 tulivyovipima kwa kamba, baadhi ndani kabisa ya msitu na vingine pale unapopakana na mashamba. Kila shina lililofikia unene tuliokubaliana huandikwa jina lake. Tatizo limezuka wakati wa kujumlisha. Vipande vya pembezoni vimejaa mipera, na viwili kati ya hivyo vina mikaratusi na vichaka vya lantana. Lakini ajabu ni kwamba vinaonyesha spishi nyingi kuliko kipande kimoja cha ndani ambacho mzee yeyote wa hapa angekiita msitu halisi.

Wenzangu wamegawanyika. Upande mmoja unasema kwamba kiumbe ni kiumbe, na kwamba kazi ya mhesabuji ni kuandika anachokiona. Upande wa pili unasema kwamba mpera na lantana asili yake ni Amerika na mkaratusi ni Australia, kwa hiyo kuihesabu ni sawa na kuwaandika wageni wa harusi katika orodha ya watoto wa boma. Fomu ya mfadhili wetu ina kisanduku kimoja tu cha bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, na matarajio ni kwamba nambari hiyo ipande kila mwaka. Nijaze nini?

Jadunga

Ndugu yangu, mimi nakaa Kisumu na riziki ya kwetu imetoka ziwani tangu enzi za babu, kwa hiyo utanisamehe nikikujibu kwa samaki.

Ziwa Victoria lilikuwa na fulu, samaki wadogo wa asili, wa spishi zaidi ya 500, na wengi wao hawakupatikana popote pengine duniani. Mbuta, yaani sangara, alipopandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, orodha ya samaki wa ziwa iliongezeka kwa spishi moja. Nyamami, tilapia wa Nile, naye aliletwa katika kipindi hichohicho, ikawa spishi nyingine. Kwa hesabu ya hao wenzako wanaosema kiumbe ni kiumbe, mtu ambaye angepima ziwa katika miaka ile angeandika kwamba bioanuwai imepanda, na asingekuwa amesema uongo wowote kuhusu alichokiona wavuni. Baadaye fulu wapatao 200 walihesabiwa kuwa wametoweka. Sitamtwika mbuta mzigo wote, kwa sababu maji nayo yalichafuka kwa mbolea na udongo, hata fulu wanaochaguana kwa rangi wakashindwa kutambuana katika maji yenye tope. Lakini hakuna mvuvi wa rika la baba yangu asiyejua ni nani aliyekula zaidi.

Jambo linaloniuma zaidi ni ngege, tilapia wa asili wa ziwa letu. Ukiagiza ngege leo katika vibanda vya ufukoni utaletewa nyamami, mgeni aliyerithi mpaka jina. Ngege mwenyewe amebaki katika maziwa madogo kama Kanyaboli, kule Yala, na hata huko yumo hatarini kwa kuwa nyamami anaweza kuzaliana naye. Sasa fikiria: ukimpandikiza nyamami katika kila ziwa na kila kidimbwi cha nchi hii, kila ziwa litaongeza spishi moja, huku nchi nzima ikipoteza. Hesabu ya kila mahali inapanda na jumla ya mahali pote inashuka. Ndiyo maana nasema: toa mpera. Hesabu watoto wa boma peke yao.

Mama Njoro

Jadunga amesema kweli kuhusu ziwa lake, ila asitupe sheria ya ziwa moja kuwa sheria ya nchi nzima.

Ziwa Nakuru halikuwa na samaki hata mmoja, kwa sababu ya magadi yake. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliletwa tilapia wadogo kutoka Ziwa Magadi, kwa nia ya kupunguza mbu. Samaki hao walipozaana, mwari, wale ndege wakubwa wa majini, walianza kuja kula kwa maelfu, wakiwamo wale wanaotagia mayai Elementaita na kuruka hadi Nakuru kutafuta chakula. Tilapia huyo ni wa asili au si wa asili? Ni Mkenya kamili, lakini ziwa hilo si lake. Ukimfuta katika hesabu, utawaelezaje mwari? Tena katika hifadhi hiyohiyo kuna kifaru weupe ambao asili yao ni Afrika Kusini, na twiga wa Rothschild waliohamishwa katika miaka ya 1970 kutoka mashamba ya Soy, upande wa Eldoret. Sijawahi kusikia mtu akidai kwamba wanyama hao wasihesabiwe, wala sijamwona mtalii akiuliza cheti cha kuzaliwa cha kifaru.

Hoja yangu ni kwamba neno "asilia" halina maana mpaka useme ni la wapi na tangu lini. Ulaya wanasayansi wa mimea hutumia takriban mwaka 1500 kama mpaka, na mmea uliofika kabla ya hapo huwekwa katika kundi lake tofauti na wale waliokuja baadaye. Sisi mpaka wetu ni upi? Mwembe ulitoka Asia, na huko Siaya sijui ni nani atakayethubutu kuuita mgeni. Hata Mkataba wa Bioanuwai wa 1992, unapoeleza maana ya bioanuwai katika kifungu cha 2, hauwabagui viumbe kwa asili yao. Wageni wanatajwa katika kifungu cha 8, na hapo ni wale tu wanaotishia makazi, spishi nyingine au mifumo ya ikolojia.

Kuhusu mpera wenyewe, ndege wala matunda hutua juu yake, wakala mapera, wakaangusha mbegu walizozimeza msituni. Mpera uliosimama peke yake shambani unaweza kuwa kitalu cha miti ya asili ambayo hakuna aliyeipanda. Mpera ulioziba kipande kizima ni habari nyingine, nakubali.

Mwalimu Webuye

Nimefuata mjadala kwa makini, na kwa kuwa nafundisha hisabati nitawaomba mshike kalamu kidogo. Naona kila upande unadhani kwamba njia yake ndiyo iliyo salama. Zote mbili zina shimo.

Tuchukue fahirisi ya Shannon, kipimo cha bioanuwai ambacho bila shaka ndicho mlichoelekezwa kukitumia. Unachukua sehemu ya kila spishi katika jumla ya mashina, unaizidisha kwa logi asilia yake, unajumlisha, kisha unageuza alama. Nitatunga mifano mitatu. Kipande cha kwanza kina mashina 100 ya spishi nne asilia, 25 kila moja: fahirisi ni 1.39. Kipande cha pili kina spishi zilezile nne, mashina 20 kila moja, na mipera 20: fahirisi ni 1.61. Hapa Jadunga ana haki ya kulalamika, kwa sababu mpera umeingia na nambari imepanda. Kipande cha tatu kina mashina matano tu ya kila spishi asilia, na mipera 80: fahirisi inaanguka hadi 0.78. Lakini msishangilie, kwani kama yale mashina 80 yangekuwa ya mwiritsa, mti wetu wenyewe ulio nje ya zile spishi nne, jibu lingekuwa 0.78 vilevile. Fahirisi inachukia spishi moja kutawala. Haijui wala haiulizi mti umetoka wapi. Wala si ajabu, kwani Claude Shannon alipoitoa mwaka 1948 alikuwa akishughulikia ujumbe unaopita katika nyaya, si miti.

Sasa tufanye anavyotaka Jadunga, tuitoe mipera yote. Kipande cha kwanza: 1.39. Cha pili: 1.39. Cha tatu: 1.39. Miti asilia imepungua kutoka 100 hadi 20, msitu umekaribia kumezwa, na nambari haikutikisika hata kidogo! Kibaya zaidi ni kwamba mkiingia na mapanga mkaing'oa ile mipera 80, jasho lenu lote halitaonekana popote katika ripoti, kwa kuwa mmepunguza kitu ambacho mlikuwa mmekwisha kukifuta.

Kwa hiyo hesabuni kila shina, ila katika daftari muongeze safu moja ya asili: asilia wa msitu huu, asilia wa Kenya lakini si wa hapa, au mgeni. Kisha andikeni idadi halisi ya mashina ya kila kundi, si sehemu zake peke yake. Swali la Mama Njoro la "wapi na tangu lini" litajibiwa kwa safu hiyo, na anayetaka kutoa wageni atawatoa mwenyewe bila kuwalazimisha ninyi kuamua kwa niaba yake.

Jadunga

Mwalimu, hiyo ya 1.39 mara tatu imeninyamazisha. Ningeomba tu kwamba mgeni asiwe kundi moja. Mpera wa Mama Njoro unaofuga mbegu na gugumaji linaloziba ghuba yetu visikae safu moja kama ndugu.

Mwana wa Shinyalu

Nawashukuru nyote. Nimerudi katika madaftari na kuona kwamba safu ya asili tunaweza kuijaza hata sasa, kwa kuwa majina yote yapo. Ambacho hatukukiandika ni miche iliyo chini ya mipera, maana haikufikia unene tuliouweka. Nadhani hapo ndipo jibu la Jadunga na Mama Njoro lilipo: chini ya mpera kukiwa na miche ya miti ya msitu, huo ni mlezi, na kukiwa na miche ya mipera mitupu, huo ni mvamizi. Lakini kile kisanduku kimoja bado kinanisumbua.

Mwalimu Webuye

Andika humo idadi ya spishi asilia za msitu, na ueleze waziwazi kwamba ndizo zilizohesabiwa, kisha uambatishe jedwali la mashina kwa makundi. Nambari hiyo haitapanda haraka, na ni afadhali mfadhili aelezwe mapema kwamba mwiritsa hauoti kwa ratiba ya ripoti. Ungeweka jumla ya spishi zote, mtu yeyote angeweza kuipandisha kwa alasiri moja, akiwa na miche michache ya misipresi na jembe.

Na mwakani mrudi katika vipande vilevile, kwa unene uleule.

Mwana wa Shinyalu

Nimekuelewa, mwalimu. Tunarudi Jumamosi na kamba zetu, tukianzia na vipande vya pembezoni. Mama Njoro, nitakuletea hesabu ya miche hapa.