Kindi kwa bunduki ya upepo: tupeane uzoefu, tuliowinda na tuliopika

Jino_Bovu: Wakuu, leo asubuhi kindi kapita dirishani nikakumbuka jino langu. Nilimpiga mmoja mgongoni, nikamchemsha saa nzima na vitunguu. Tonge la tatu, kachaa! Risasi ilikuwa imejificha kwenye uti wa mgongo. Siku hizi napiga kichwa tu, kati ya jicho na sikio, na nyama naipapasa kabla haijaingia sufuriani. Nani mwingine yamemkuta?

Mzee_wa_Pori: Saa nzima? Basi alikuwa kijana. Mzee ukimtoa kabla ya saa mbili unatafuna kandambili.

Sina_Haraka: Na mwenye bunduki ya risasi za milimita 4.5 ahamie 5.5, inagonga zaidi.

Shabaha: Ya 4.5 inakwenda mnyoofu zaidi. Mjadala umefungwa.

Sina_Haraka: Umeufunga wewe na nani?

Kidole_Gumba: Yangu si ya jino. Nilimpiga kwa mita kama arobaini, mbali mno, subira sikuwa nayo. Akadondoka pu! Nikamtia mfukoni mwa koti, nikakunja mtutu niweke risasi nyingine. Kidole gumba kiko kwenye tundu, nasikia mfukoni kitu kinajinyoosha. Nikashtuka, mkono wa pili ukagusa kifyatulio. Ile bunduki kuukuu haina kizuizi, mtutu ukajifunga na kidole ndani. Huku kindi keshaingia chini ya shati ananing'ata karibu na kitovu! Sikujua nianze na kipi. Akatokea shingoni, akapanda mti, akakaa tawini ananifokea, mkia unapigapiga. Kucha iling'oka. Lakini ile damu kwenye shati haikuwa yangu yote.

Jino_Bovu: Hahaha, chini ya shati!

Shabaha: Msicheke. Mita 40 kwa kichwa cha saizi ya limau? Piga karatasi kwanza. Risasi tano zisipokaa kwenye duara la sentimita 3, sogea mbele.

Mama_Sufuria: Atasogeaje, wakati kindi anazunguka shina? Tupa kijiti upande wa pili, atarudi kwako.

Mzee_wa_Pori: Vijiti vya nini? Kaa chini, nyamaza dakika kumi, atajitokeza mwenyewe.

Mama_Sufuria: Haya, kaa. Kuchuna: mloweshe kwanza manyoya yasigande kwenye nyama. Kata mfupa wa mkia kwa chini, ngozi ya mgongoni uiache, kanyaga mkia, vuta miguu ya nyuma. Ngozi inavulika kama soksi. Vaa glavu, na ini likiwa na madoa meupe tupa mnyama mzima.

Shabaha: Na muulize sheria. Uingereza, kindi wa kijivu anapigwa, mwekundu analindwa.

Mgeni2: Ladha ikoje? Msiseme kuku.

Jino_Bovu: Kama sungura, ila mapaja ndiyo nyama, kwingine mifupa. Kidole_Gumba, yule ulimtafuta?

Kidole_Gumba: Nilizunguka ule mti mpaka giza, kidole nimekifunga na soksi. Sikumwona.