Elfu mbili ya ulinzi shirikishi: tutoe au tugome?

Mwana wa Igoma: Wadau, huku kwetu Igoma, Mwanza, mkutano wa mtaa umepitisha kila kaya itoe 2,000 kwa mwezi ya ulinzi shirikishi. Asiyetoa anaingia zamu ya usiku, asiyeingia zamu jina lake linasomwa hadharani. Kodi tunakatwa, polisi wapo. Kwa nini nijilinde mwenyewe? Mnaonaje?

Kirungu: Goma. Siku wakikubebea tivii, piga yowe kwa risiti ya kodi.

Mzee Kapeto: Vijana mmesahau mlikotoka. Miaka ya themanini mwanzoni ng'ombe walikuwa wanaisha Usukumani na Unyamwezini, serikali inaangalia tu. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, ndio waliokomesha, kwa mishale na yowe. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwaunga mkono.

Wakili wa Kijiweni: Na waliua watu pia Mzee, vikongwe wenye macho mekundu wakaitwa wachawi. Malizia hadithi. Ndiyo maana 1989 ikaja sheria ya kuwaingiza kwenye mfumo wa mgambo. Raia anaruhusiwa kumkamata mhalifu, lakini amkabidhi polisi. Kumvisha tairi hairuhusiwi.

Kirungu: Wakili, wewe unakaa juu Isamilo, geti, mbwa wawili. Utajua nini kuhusu vibaka?

Wakili wa Kijiweni: Nimepanga chumba kimoja, choo cha nje, maji napandisha kwa ndoo kwenye mawe. Isamilo si Capripoint kwa matajiri, tafadhali.

Dada Pasiansi: Jamani Isamilo ni ushuani, tusidanganyane.

Bajaji 3: Inategemea upande. Kule juu ushuani. Ukiteremkia Mabatini unashika simu kwa mikono miwili.

Kirungu: Hata mawe ya Isamilo yana hadhi kuliko ya Igogo.

Mke wa Mvuvi: Naomba niingilie. Niko Igombe. Dagaa wanavuliwa giza, mwezi ukiwaka karabai ya kuwavutia haina kazi. Kwa hiyo usiku ule ule mwizi anaoupenda ndio waume zetu wako ziwani, na zamu inaangukia nyumba zenye wanawake na watoto. Mwezi ukiwaka wanaume wote wapo, wanacheza drafti. Zamu ipangwe kwa kalenda ya mwezi, wavuvi walinde mbalamwezi na wa nchi kavu walinde giza. Nilisema mkutanoni, wakacheka.

Dada Pasiansi: Igogo imekukosea nini Kirungu? Mimi nimezaliwa Igogo.

Kirungu: Si umehama? Umejijibu.

Mwana wa Igoma: Turudi kwenye mada. Nilipoibiwa betri ya pikipiki nilikwenda kituo kimoja, sikitaji. Nikaambiwa nitoe mafuta ya gari ndipo waje eneo la tukio. Sasa nitoe mafuta na 2,000 tena?

Mzee Kapeto: Toka alipoingia mkuu wa polisi, IGP Mwema, 2006, tunaimbiwa polisi jamii. Jamii tunaiona.

Bajaji 3: Kwangu mimi shida ni risiti. Walinzi wetu wanne, filimbi moja. Hela ikikusanywa saa moja, saa tatu wako kilabuni. Wiki jana nimetoka kijiweni usiku, aliyenisimamisha na kuniuliza natoka wapi ananuka gongo, na tochi niliyomulikwa nayo ni ya kwangu, iliibiwa Pasaka.

Kirungu: 😂😂 Umeitambuaje?

Bajaji 3: Nimeifunga kwa mpira wa njano. Nani mwingine Buhongwa amefunga tochi kwa mpira wa njano?

Wakili wa Kijiweni: Huo ni ushahidi wa mazingira. Ulimkamata?

Bajaji 3: Nimkamate mlinzi nimpeleke kwa nani? Kwa mlinzi?

Mke wa Mvuvi: Giza linaanza Jumatano. Mkimaliza tochi na milima yenu, nani yuko zamu?

Dada Pasiansi: Mama, kwani dagaa huko Igombe kisado bei gani sasa hivi?